Barua ya wazi kuhusu ini, seli shina na wagonjwa wa Ziwa Albert

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge la Uganda. Kwa uongozi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa na wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Waheshimiwa,

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya kilicho kando ya Ziwa Albert, upande wa Buliisa. Kazi yangu ni darubini, vipimo vya damu na daftari la majibu, ingawa wavuvi huniita musawo, yaani daktari, kama wanavyomwita kila mtu aliyevaa koti jeupe. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya mialo yetu, ambako Mgungu, Mwaluri, Mnyoro na Mkongo huuziana samaki kila asubuhi, na kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Napenda wagonjwa ambao habari zao zimo humu wasomewe barua hii bila mkalimani.

Ninalo jambo moja la kuwaletea. Katika nchi hii watu wenye maradhi ya ini wanauziwa vitu kwa jina la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, wakiahidiwa kwamba ini jipya litaota ndani yao. Sayansi yenyewe ya seli shina haisemi hivyo. Inasema kwamba ini hujengwa upya kwa ujumbe ambao seli zake hutumiana, na kwamba ujumbe huo husikika pale tu kinacholiumiza ini kinapoondolewa. Kuondoa kinachoumiza ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa serikali yetu leo, na kuuchunguza ujumbe huo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa wanasayansi wetu wakipewa nafasi. Hizo pakiti na sindano zinazouzwa zinatuondoa kwenye kazi zote mbili.

Mwaka juzi alikuja kwangu mzee mmoja mvuvi, ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa na homa ya ini ya B, na kwa karibu miaka miwili alikuwa akimeza tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, aliyopewa bila malipo. Maji yaliyokuwa yamejaa tumboni yalikuwa yamepungua, macho yalikuwa yameacha umanjano, naye alikuwa amerudi ziwani kuvua muziri pamoja na wanawe. Kisha akaalikwa mkutanoni mjini. Huko aliambiwa kwamba unga uliomo katika pakiti fulani unabeba seli shina zitakazompa ini jipya, na kwamba aache dawa za hospitali kwa kuwa zinaziua seli hizo. Aliuza injini ya mtumbwi wake. Kabla ya kuanza alinijia na pakiti mkononi akaniuliza, "Mwanangu, hizi seli zinapita wapi mpaka zifike kwenye ini?" Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nilimwambia tu asiache dawa zake, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Baada ya miezi mitatu aliletwa akiwa wa manjano, akizungumza maneno yasiyoshikana, tumbo limejaa tena. Virusi vilivyokuwa vimezuiwa na dawa vilikuwa vimeamka kwa nguvu. Alifariki kabla ya wiki mbili kuisha.

Swali lake lilistahili jibu, na sehemu kubwa ya barua hii ni jibu hilo, kwa sababu naamini ninyi mnaotunga sheria na kugawa fedha mnalihitaji kama alivyolihitaji yeye.

Seli hai ya mwanadamu hufa ikikaushwa na kufungwa kwenye pakiti bila matayarisho ya maabara, na hata ingekuwa hai, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama na posho. Pakiti alizonionyesha mzee ziliandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo, kwamba ndani yake mna dondoo la matofaa na zabibu. Hakuna njia kutoka hapo kwenda kwenye ini. Wanaodungwa seli hai mshipani nao hawapati walichoahidiwa: seli za namna hiyo zikiingia kwenye damu, nyingi hunaswa kwanza katika mishipa myembamba ya mapafu, na kwa siku chache huwa zimekufa. Chache sana hufika kwenye ini, na zilizo chache zaidi ya hizo ndizo zinazobaki humo. Hata hivyo katika majaribio ya wanyama, na katika baadhi ya majaribio ya wanadamu, ini lilionekana kupata nafuu. Kitu gani basi kilifika, kama si seli? Kilichofika ni ujumbe: protini na vifuko vidogo mno ambavyo seli hizo huachilia kabla ya kufa, ambavyo hutuliza uvimbe na kuzihimiza seli za mwenye mwili zifanye kazi yake. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa kwamba anampandia ini jipya kwa sindano, hata kama sindano yake ina seli za kweli, anasema jambo ambalo sayansi yenyewe imeliacha.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye namna ini linavyojijenga, maana hapo ndipo uongo wa biashara hii unapoonekana waziwazi. Mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walieleza jinsi ya kukata theluthi mbili za ini la panya wa maabara na kumwacha hai. Vipande vilivyokatwa havioti tena. Vinavyobaki ndivyo vinavyokua, na ndani ya siku 7 hadi 10 uzito wa ini huwa umerudi. Kwa binadamu mwendo ni wa polepole zaidi, lakini jambo ni lile lile: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walio hai wamekuwa wakiwatolea ndugu zao sehemu ya ini, mara nyingine zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya ukubwa uliopotea hurudi ndani ya miezi michache ya kwanza. Waswahili wakitaka kueleza uchungu usio na kifani husema jambo limewakata maini. Kiungo hicho hicho ndicho ambacho Mungu amekijalia kupona kikikatwa.

Kazi hiyo huanza dakika chache tu baada ya kisu. Damu yote iliyokuwa ikitoka matumboni na kusambaa katika ini zima sasa inasukumwa kwenye theluthi iliyobaki, na msukumo huo katika kuta za mishipa ndio ishara ya kwanza. Seli walinzi wa ini, ziitwazo seli za Kupffer, hutoa interlukini-6, ambayo huziamsha seli za ini kutoka katika usingizi wake. Maana seli ya ini katika mwili wenye afya hukaa miezi mingi bila kugawanyika hata mara moja. Kisha kichocheo cha ukuaji wa seli za ini, kinachoandikwa kwa kifupi HGF, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa katika nyuzi zinazoshikilia seli, huachiliwa na kunasa kwenye kipokezi chake juu ya seli iliyokwisha kuamshwa. Kuamshwa bila kichocheo hakuleti ukuaji wa kutosha, na kichocheo kikimkuta aliyelala hakimtoi kitandani. Seli zinazotanda ndani ya mishipa ya ini nazo hutoa ishara iitwayo Wnt, ambayo huzielekeza seli jirani ziendelee kuwa seli za ini na zigawanyike kwa kadiri. Na ukubwa ukishatimia, ishara nyingine, mojawapo ikiwa TGF-beta, huziamuru zisimame. Ini halizidi kipimo cha mwili wake. Kwangu mimi, baada ya miaka mingi ya kutazama damu ya watu, huko kusimama ndiko kunakonishangaza kuliko kukua.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba katika ukuaji huu wote, ikiwa ini lilikuwa zima kabla ya kukatwa, kazi karibu yote hufanywa na seli za kawaida za ini. Seli shina hazihitajiki. Wanasayansi wamebishana kwa miaka kuhusu ni seli zipi hasa zinazolifanya upya ini siku kwa siku. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walielekeza kidole kwenye seli zilizo karibu na mshipa wa katikati, zinazopokea ishara ya Wnt. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha kwa panya kwamba seli za ukanda wa kati ndizo zinazochangia zaidi. Ubishi wa namna hiyo ni afya ya sayansi, nami naupenda. Lakini hakuna upande wowote wa ubishi huo uliosema kwamba mgonjwa aletewe seli kutoka nje kwenye pakiti.

Hali hubadilika ini linapoumizwa kwa miaka mingi mfululizo, na hilo ndilo ini la wagonjwa wetu. Seli za ini zilizogawanyika tena na tena huzeeka, zikaacha kuitika. Hapo seli zinazotanda kwenye vijia vya nyongo huanza kuongezeka, na kati ya hizo zimo zinazoweza kugeuka kuwa seli za ini au kubaki seli za vijia. Njia zipi zitafuata inategemea zinaambiwa nini. Mwaka 2012 watafiti wa Edinburgh, nchini Scotland, walionyesha jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kulichoka: ishara ya Notch kutoka kwa seli zinazojenga kovu huzisukuma seli hizo zibaki za vijia vya nyongo, ilhali makrofaji, yaani zile seli zinazokula mabaki, zikishameza vipande vya seli za ini zilizokufa hutoa Wnt na kuzigeuza zielekee kuwa seli za ini. Yaani anayefagia nyumba iliyoungua ndiye anayewaambia mafundi ni chumba gani cha kujenga. Seli zile zile, katika ini lile lile, zinaweza kuponya au kutoponya kwa sababu ya ujumbe zinaoupata kutoka kwa majirani.

Na mjenzi wa kovu naye anaagizwa. Katika ini mna seli zenye umbo la nyota ambazo wakati wa amani huhifadhi vitamini A. Maradhi yakiendelea, TGF-beta na ishara nyingine huzigeuza kuwa viwanda vya nyuzi ngumu, na ndizo hizo zinazolifanya ini liwe kama kamba iliyokauka, tunaloliita sirosisi. Kinachonipa nguvu ya kuwaandikia ni kwamba agizo hilo linaweza kuondolewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wagonjwa wa homa ya ini ya B waliotumia tenofovir kwa miaka 5. Kati ya 96 ambao mwanzoni walikuwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena vipande vya ini lao vilipotazamwa kwa darubini mwishoni. Hawakudungwa seli yoyote. Walimeza kidonge ambacho sisi Uganda tunakifahamu vizuri, kwa kuwa kimo pia katika tiba ya virusi vya UKIMWI. Virusi vikanyamaza, na ini likapata nafasi ya kuzisikia ishara zake lenyewe. Naamini ini la yule mzee lilikuwa limeanza safari hiyo alipoambiwa aikatishe.

Kwetu ziwani kuna mgonjwa mwingine ambaye vitabu vya nchi tajiri humtaja kwa mistari michache. Ni mgonjwa wa kichocho cha tumbo. Kila wiki naliona yai la mnyoo wa kichocho, lenye mwiba ubavuni, kwenye choo cha mtoto au mvuvi, nami najua kwamba mayai mengine, ambayo hayakutoka, yamechukuliwa na damu mpaka kwenye matawi ya mshipa unaoingia kwenye ini, yakanasa humo. Mnyoo mmoja jike hutaga mamia ya mayai kwa siku, na anaweza kuishi miaka kadhaa. Mwili hulizungushia kila yai ukuta wa seli za kinga, na ujumbe unaotawala ndani ya ukuta huo, hasa interlukini-13, ndio unaozikaribisha seli nyota zijenge kovu kuzunguka mishipa. Damu ikikosa njia hupanda kwenye mishipa ya koo la chakula, mishipa ikavimba, na siku moja mtu ambaye jana alikuwa akivuta nyavu anatapika damu beseni zima. Mara nyingi vipimo vyake vya utendaji wa ini huwa si vibaya. Seli zake za ini zingali zinafanya kazi. Kilichoharibika ni njia ya damu. Mtu kama huyo hata angeletewa seli mpya za ini zilizo bora kuliko zote duniani, angekuwa amejibiwa swali ambalo mwili wake haukuuliza. Anahitaji praziquantel, dawa ya kumwua mnyoo huyo, anahitaji maji ambayo hayatamrudishia mnyoo juma lijalo, na anahitaji mtu atafute ni kwa ujumbe gani seli nyota zake zinaweza kuambiwa zilale.

Huyo mtu wa kutafuta ni nani? Kwa sehemu kubwa uchunguzi wa ishara za ini hufanyika kwenye panya, na kwenye maini ya watu wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, ambao maradhi yao ni pombe, mafuta na virusi vya aina zinazopatikana kwao. Ini lenye homa ya ini ya B iliyoingia utotoni, lenye kovu la kichocho juu yake, katika mwili unaokula mahindi na karanga zilizoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ni ini letu. Tusipolichunguza sisi, sioni ni nani atakayesafiri mpaka huku kulichunguza kwa ajili yetu.

Sisemi kwamba matumaini ya seli shina ni ndoto. Mwaka 2006 Takahashi na Yamanaka wa Japani waliirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya seli shina, na mwaka 2013 watafiti wa Yokohama wakatumia seli za namna hiyo za binadamu kujenga vichipukizi vidogo vya ini vilivyoshika mishipa ya damu walipovipandikiza kwa panya. Mwaka 2019 kundi la Edinburgh lilitoa ripoti ya wagonjwa 9 wa sirosisi waliorudishiwa makrofaji zao wenyewe baada ya kukuzwa maabarani, na hawakupata madhara makubwa yatokanayo na tiba hiyo. Lakini ni haki mgonjwa aambiwe na upande wa pili. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 81 wa sirosisi, ambamo baadhi walipewa dawa ya kuzitoa seli shina kwenye uboho, na wengine wakarudishiwa seli hizo kwenye damu. Maini yao hayakuwa bora kuliko ya wale waliopata matunzo ya kawaida. Watafiti walilichapisha hilo wazi, na hakuna mgonjwa aliyeuza injini yake ili ashiriki.

Iko hatari nyingine ambayo lazima niitaje kwa sababu inawagusa hasa watu wenye homa ya ini ya B. Ishara zinazolikuza ini ndizo hizo hizo ambazo saratani ya ini huziiba. Katika saratani nyingi za ini, njia ya Wnt hukutwa imefunguliwa bila mtu wa kuifunga. Kumwaga vichocheo vya ukuaji, ambavyo hakuna aliyevipima, ndani ya ini lenye virusi na lililokwisha kugongwa na aflatoksini ni kucheza na moto ndani ya nyumba ya nyasi. Na sindano yenyewe ni hatari ambayo Bonde la Nile linaijua. Huko Misri, kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, wakulima wenye kichocho walitibiwa kwa sindano zilizorudiwa bila kutakaswa vya kutosha. Kichocho kilipigwa vita kwa nia njema kabisa, na homa ya ini ya C ikasambaa kwa mamilioni ya watu. Mto huo hupita kwenye ncha ya ziwa letu kabla ya kufika kwao. Tusiwasubiri wauzaji wa sindano za seli waturudishie historia hiyo.

Kwa hiyo nawaomba, kwanza, mwitumie sheria mliyonayo. Sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023 haikuishia kwenye figo na maini. Inagusa pia seli na tishu. Mamlaka ya Taifa ya Dawa na chombo kilichoundwa na sheria hiyo vikae pamoja na kutamka, kwa maandishi yatakayobandikwa katika kila kituo cha afya na kusomwa redioni kwa lugha za watu, kwamba hakuna tiba ya ini kwa seli shina iliyoidhinishwa nchini. Kwamba jaribio lolote la namna hiyo lazima lipite katika kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na kwamba mgonjwa hatozwi fedha kwa kujaribiwa tiba. Unga wa matunda unaouzwa kama chakula uuzwe kama chakula. Siku muuzaji anapotamka neno ini, au anapomwambia mgonjwa aache dawa, awe amevunja sheria na ajue hivyo. Sisi tulio vijijini tunahitaji karatasi hiyo. Bila karatasi, neno langu hupambana na neno la mtu aliyevaa tai na kushika kipaza sauti, naye ana muda mwingi kuliko mimi.

Pili, na hapa ndipo ninapowasihi kwa moyo wangu wote, ondoeni kinachoumiza. Mtoto anayeambukizwa homa ya ini ya B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki nayo maisha yake yote. Mtu mzima anayeambukizwa ana uwezekano usiozidi asilimia 5. Tangu mwaka 2002 tumekuwa tukiwachanja watoto kwa chanjo ya mseto, na nchi yetu inastahili sifa kwa hilo, pamoja na kampeni ya kuwapima na kuwachanja watu wazima iliyoanza kaskazini mwaka 2015. Lakini chanjo ya mseto huanza mtoto akiwa na wiki 6. Virusi havisubiri wiki 6. Dozi inayotakiwa ni ile ya ndani ya saa 24 za kwanza, na sera ya kuitoa haimfikii mtoto aliyezaliwa saa nane za usiku katika kituo ambacho dozi hiyo haikuletwa, au ambacho ufunguo wa friji uko kwa mtu aliyelala ng'ambo ya kijiji. Naomba dozi hiyo iwekwe katika kila chumba cha kujifungulia, ihesabiwe pamoja na vifaa vya uzazi, na mkunga wa zamu awe na mamlaka ya kuitoa. Naomba pia tenofovir isikatike. Mgonjwa anayeambiwa mara mbili kwamba dawa zimekwisha ndiye anayekwenda kwenye mkutano wa pakiti mara ya tatu, wala simlaumu.

Praziquantel nayo ifike kwa watu wazima wa mialoni, wala isiishie kwa watoto wa shule, na kila kituo cha kando ya ziwa kipate mashine ya ultrasaundi na mtu aliyefundishwa kulitazama ini, ili kovu lionekane kabla ya damu kutapikwa.

Tatu, ipeni nchi hii maabara ya ini. Hatuanzi kutoka sifuri. Taasisi ya Entebbe imekuwa ikichunguza virusi tangu mwaka 1936. Ilikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako daktari Denis Burkitt, katika miaka ya 1950, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao dunia nzima sasa inauita kwa jina lake, na uchunguzi huo ulianza kwa daktari kuwatazama kwa makini wagonjwa waliokuwa mbele yake. Desemba 2023 hospitali hiyo hiyo ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Tunayo Taasisi ya Saratani, tunacho Chuo Kikuu cha Makerere. Kinachokosekana ni kikundi kidogo cha watu waliofundishwa, chenye bajeti yake katika hesabu ya serikali, kitakachopokea kwa ridhaa ya wagonjwa vipande vya ini vinavyotolewa katika upasuaji, kuvihifadhi, kukuza kutoka kwavyo maini madogo ya maabarani kama watafiti wa Uholanzi walivyofanya kwa seli za panya mwaka 2013, na kuuliza maswali yetu: seli nyota katika ini la kichocho zinasikiliza nini, baada ya mnyoo kufa, nani anayeziambia ziendelee, kwa nini wagonjwa wawili wa kijiji kimoja, waliooga maji yale yale, mmoja anapata kovu na mwingine hapati. Sisi wa vituo vya ziwani tunaweza kuwatunzia sampuli za damu na kuwaandikia historia za wagonjwa kwa uaminifu. Kazi hiyo tunaiweza, na tungeifanya kwa furaha.

Yule mzee aliacha wana watatu. Mkubwa wao nilimpima baada ya mazishi, na ana virusi vile vile. Sasa anameza dawa. Mkewe naye ana virusi, na anatarajia kujifungua mwezi ujao katika kituo chetu. Nimeliandika jina lake kwenye daftari la chumba cha uzazi, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: chanjo ya homa ya ini kwa mtoto ndani ya saa 24. Dozi bado haijatufikia.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mteknolojia wa maabara,
Ziwa Albert, Buliisa